UZI: 3-6, 6-4, [11-9]. Tujifunze tenisi kuanzia matokeo haya

#1 Mleta uzi, Dar es Salaam

Wakuu, habari za muda huu.

Julai 2022 nilitumiwa mstari huu wa tarakimu na watu wasiopungua sita: 3-6, 6-4, [11-9]. Yalikuwa matokeo ya fainali ya Wimbledon ya vijana, wasichana wawili wawili. Angella Okutoyi wa Kenya, akiwa na miaka 18, alicheza na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi, wakawashinda Wakanada Kayla Cross na Victoria Mboko. Hakuna Mkenya aliyewahi kutwaa taji la vijana la Grand Slam, yaani yale mashindano manne makubwa ya tenisi, kabla yake. Kila aliyenitumia nilimuuliza yale mabano yana maana gani. Hakuna aliyejibu. Walifurahi, wakasambaza, basi.

Mimi nimeukuta mchezo huu utotoni nikiokota mipira kwenye klabu moja hapa mjini, na mpaka leo naucheza na kuwafundisha watoto kila Jumamosi. Inaniuma kuona watu wanaojua hadi namba za jezi za wachezaji wa akiba wa mpira wa miguu wakibadilisha chaneli tenisi ikianza, kwa kuwa tu mahesabu yake hawayaelewi. Nataka mtu asiyewahi kushika raketi, akiufuata uzi huu, aweze kuusoma mstari ule na ajue kilichotokea uwanjani.

Tuanze na kiwanja. Urefu ni mita 23.77. Upana ni mita 8.23 wakicheza mmoja mmoja, na mita 10.97 wakicheza wawili wawili. Ile tofauti ndiyo mistari miwili unayoiona kila upande, na katikati yake panabaki vichochoro viwili. Katika mchezo wa mmoja mmoja mpira ukitua kichochoroni umetoka. Wavu nao haulingani: kwenye nguzo una sentimita 107, katikati unashuka hadi 91.4. Ukiona wachezaji wanapigiana sana mpira wa mshazari, sababu ndiyo hiyo. Mshazari unapita juu ya sehemu ya chini ya wavu, halafu kiwanja ukikikata pembe kwa pembe kinakuwa kirefu zaidi kuliko ukipiga moja kwa moja mbele.

Kila pointi inaanza kwa sevu. Anayesevu anasimama nyuma ya mstari wa mwisho, anarusha mpira juu, anaupiga kabla haujagusa chini, na lazima utue kwenye boksi la upande wa pili kwa mshazari. Boksi hilo linaishia mita 6.40 kutoka kwenye wavu. Ana nafasi mbili. Akikosa zote mbili pointi inakwenda kwa mpinzani, na hilo linaitwa kosa mbili. Akikanyaga mstari kabla ya kuupiga mpira, nafasi moja imepotea. Sevu ya kwanza ya geimu, yaani kifungu kimoja cha pointi, inapigwa kutoka upande wa kulia, inayofuata kushoto, na kuendelea hivyo hivyo.

Mpokeaji lazima auache udunde mara moja ndipo aurudishe. Baada ya hapo kila mmoja ana ruhusa ya kuupiga ukiwa hewani au baada ya mdundo mmoja. Ukidunda mara mbili upande wako, imekula kwako.

Naishia hapa kwanza nisiwachoshe. Maswali karibuni.

#2 Mdau, Nakuru

Asante sana kaka. Siku ile ya Angella tulipiga nduru hapa, na mimi ni mmoja wa wale wa kusambaza bila kuelewa. Hebu nielezee hii ya 15, 30, 40. Mbona wasihesabu moja, mbili, tatu kama watu wengine?

#3 Mleta uzi

Karibu dada. Hayo ni majina tu ya hatua, usiyachukulie kama kiasi. Pointi ya kwanza inaitwa 15, ya pili 30, ya tatu 40, ya nne umechukua geimu. Sifuri inaitwa luvu. Mwamuzi anataja kwanza alama za anayesevu, kwa hiyo ukisikia 15-40 ujue anayesevu yuko taabani.

Mkifungana 40-40 inaitwa dyusi, na hapo lazima mtu atoke na pointi mbili mfululizo. Ya kwanza inampa edivanteji, ya pili inampa geimu. Akiipata edivanteji halafu akapoteza pointi inayofuata, mnarudi dyusi, hata mara ishirini. Neno lenyewe limetokana na mbili kwa Kifaransa, deux, maana zimebaki pointi mbili za kushinda. Hata jina tenisi asili yake ni Kifaransa: tenez, yaani "pokea", kilio cha anayeanzisha mpira katika mchezo wa zamani wa Ufaransa uliochezwa kwa viganja. Tenisi ya nyasini tunayoijua ni ya Uingereza. Walter Wingfield aliisajili mwaka 1874, na Wimbledon ya kwanza ikachezwa 1877.

Geimu sita ni seti, ila lazima umzidi mwenzako kwa mbili. 6-4 imeisha. 6-5 bado, mnaenda 7-5 au mnafungana 6-6. Mkifungana 6-6 ndipo inakuja taibreki, na hiyo naomba niipe posti yake.

Mtu mmoja anasevu geimu nzima, inayofuata anasevu mwenzake. Kwa wachezaji wakubwa anayesevu ndiye anayetarajiwa kuichukua geimu, kwa sababu yeye ndiye anayeanza kushambulia. Sasa mpokeaji akiichukua, hiyo ni breki. Ameivunja sevu ya mwenzake. Ukiwa unatazama na huna muda wa kufuatilia kila kitu, fuatilia breki peke yake. Seti ya 6-4 mara nyingi ni breki moja tu, labda dakika tatu ndani ya dakika arobaini.

#4 Mdau, Tanga

Mkuu nimeweka kambi. Swali langu: mpira ukigusa mstari ni ndani au nje? Na ukigusa wavu ukapita?

#5 Mleta uzi

Mstari ni ndani. Hata ukigusa kaunywele kamoja ka mstari, ni mzuri. Wewe wa mpira wa miguu utalielewa hili haraka, maana hata kule goli halihesabiwi mpaka mpira wote uvuke.

Wavu una majibu mawili. Sevu ikigusa wavu na bado ikatua kwenye boksi lake, inaitwa leti na inarudiwa bila adhabu. Ikigusa wavu ikatua nje ya boksi, ni kosa. Lakini mchezo ukishaanza, mpira ukigusa wavu ukaangukia kwa mwenzako unaendelea kama kawaida, na akishindwa kuufikia pointi ni yako. Utaona mchezaji ananyoosha mkono kuomba radhi. Ni desturi ya heshima, kwa sababu ametumia bahati.

Mwili wako na raketi yako visiguse wavu mpira ukiwa unachezwa. Pia usiupige mpira kabla haujavuka kuja upande wako. Kuna jambo moja ambalo wengi hawaliamini mpaka waone: mpira unaweza kupita pembeni mwa nguzo, chini kabisa ya kimo cha wavu, na ukitua ndani ni halali.

Na sasa hili, tafadhali lishikeni. Nikiwa na miaka kumi na minne nilikuwa kwenye mashindano ya watoto, taibreki, 5-5. Mwenzangu akapiga mpira mrefu kupita kiasi. Niliuona unakwenda nje, tena mbali, kama mita mbili nyuma ya mstari. Nikaudaka kwa mkono wa kushoto kabla haujatua, nikamrushia aje asevu. Mwamuzi akampa yeye pointi. Nikabishana, nikalia, haikusaidia, na alikuwa sahihi. Mpira haujatoka mpaka utue nje. Ukikugusa wewe, nguo yako au mkono wako ukiwa bado hewani, pointi imepotea, hata uwe umesimama kwenye uzio. 6-5, kisha 7-5, nikatolewa. Watoto wangu wa Jumamosi hili ndilo la kwanza ninalowafundisha, kabla hata ya kuwaonyesha namna ya kushika raketi.

#6 Mdau, Mwanza

Hiyo ya kudaka sikuijua na nimetazama tenisi miaka. Kaka, kuna siku niliona mtu anasevu kwa chini, kama anamrushia mtoto. Hiyo ni halali?

#7 Mleta uzi

Halali kabisa, mradi hajauacha mpira udunde kwanza. Mwaka 1989 pale Roland Garros, mashindano makubwa ya Ufaransa, Michael Chang, kijana wa miaka 17 wa Marekani, alikuwa anacheza na Ivan Lendl aliyekuwa namba moja duniani. Alishapoteza seti mbili, akazirudisha mbili, halafu seti ya tano misuli ikamkaza hata kusimama ikawa shida. Akapiga sevu ya chini. Lendl hakuitarajia, pointi ikaenda kwa Chang. Alishinda mechi ile kwa 4-6, 4-6, 6-3, 6-3, 6-3, na wiki hiyo akachukua ubingwa.

#8 Mdau, Nakuru

Kaka taibreki! Umetuahidi.

#9 Mleta uzi

Haya, tuingie. Hapa ndipo utamu wote ulipo.

Mkifika 6-6 mnacheza geimu moja ya kuamua seti. Hakuna 15 wala 30, mnahesabu moja, mbili, tatu. Wa kwanza kufika 7 ameshinda, ila awe amemzidi mwenzake kwa mbili. 7-5 sawa, 7-6 bado, endeleeni. Anaanza mmoja kusevu mara moja tu, kisha mwenzake mara mbili, kisha yeye mara mbili, mpaka iishe. Kila pointi sita mnabadilishana upande. Kwenye ubao itaandikwa 7-6 na kando yake tarakimu ndogo ya aliyepoteza: 7-6(4) maana yake taibreki iliisha 7-4.

Zamani haikuwepo. Aliyeibuni ni Mmarekani James Van Alen, na US Open wakaanza kuitumia mwaka 1970. Kwa seti ya mwisho mashindano makubwa mengine yalichelewa sana kuikubali, na gharama yake ilionekana Wimbledon, Juni 2010. John Isner wa Marekani na Nicolas Mahut wa Ufaransa walicheza siku tatu. Saa 11 na dakika 5. Seti ya tano peke yake iliisha 70-68. Walipofika 47-47 ubao wa matokeo ulikwama, haukuwa umetengenezwa kuhesabu zaidi ya hapo. Tangu 2022 Grand Slam zote nne zimekubaliana: seti ya mwisho ikifika 6-6 inapigwa taibreki ndefu, wa kwanza kufika 10, naye amzidi mwenzake kwa mbili.

Katika mashindano mengi ya wawili wawili, hii taibreki ya kumi inawekwa mahali pa seti ya tatu nzima. Na hiyo ndiyo inayoandikwa kwenye mabano ya mraba.

Sasa rudini kwenye mstari wetu. Angella na Rose Marie walipoteza seti ya kwanza 3-6. Ya pili wakaishinda 6-4. Wakawa sawa, seti moja moja, ikabaki taibreki ya kumi. Wakafungana 9-9. Pointi mbili zilizofuata zote zikawa zao: 10-9, 11-9. Wangepoteza ya kwanza tu kati ya hizo mbili, Wakanada wangekuwa wamesimama kwenye pointi ya ubingwa.

Hesabuni sasa geimu za zile seti mbili. Tatu na sita kwa upande wa Angella, tisa. Sita na nne kwa Wakanada, kumi. Walioshinda geimu nyingi zaidi kwenye seti ndio walioondoka bila kombe.

#10 Mdau, Tanga

Ngoja. Kwa hiyo mtu anaweza kupata pointi nyingi kuliko mwenzake na akashindwa?

#11 Mleta uzi

Ndiyo mkuu, na hilo ndilo nililolikusudia tangu posti ya kwanza. Tenisi haijumlishi. Geimu ukiichukua kwa luvu au baada ya dyusi kumi na tano, ni geimu moja. Seti ya 6-0 na seti ya 7-6 zina uzito ule ule. Kila geimu inapoanza, jasho la geimu iliyopita haliwekwi kwenye mzani.

Mahut niliyemtaja hapo juu alipata pointi 502. Isner 478. Isner akapita.

Mfano unaoniumiza mimi ni fainali ya Wimbledon ya 2019, Roger Federer na Novak Djokovic. Iliisha 7-6, 1-6, 7-6, 4-6, 13-12 kwa faida ya Djokovic. Federer alipata pointi 218, Djokovic 204. Geimu, Federer 36, Djokovic 32. Eisi, yaani zile sevu ambazo mpokeaji hata hazigusi, Federer 25 kwa 10. Seti ya tano Federer alikuwa mbele 8-7, anasevu yeye, 40-15. Pointi mbili za ubingwa mkononi, akiwa karibu kutimiza miaka 38. Zote mbili zilimponyoka, ikawa dyusi, ikawa breki, ikawa 8-8. Mwaka ule Wimbledon taibreki ya seti ya mwisho ilikuwa inakuja kwenye 12-12. Taibreki tatu zilichezwa siku ile na Djokovic alizichukua zote tatu. Kwingine kote alizidiwa.

Nilikuwa nimekaa na baba mmoja ambaye tenisi haijui, akaniuliza, "Sasa huyu mwingine si ndiye aliyecheza vizuri?" Ni kweli alicheza vizuri. Lakini zile pointi chache zenye uzito, mwenzake alizicheza vizuri zaidi. Ukiuelewa mchezo hivyo, hutatazama tena 30-40 kama unavyotazama 40-0. Kwa 30-40 egemea mbele, geimu inaweza kuvunjika hapo.

Na hakuna saa ya kumwokoa anayeongoza. Huwezi kupoteza muda kona ya uwanja mpaka filimbi ilie. Una sekunde 25 kati ya pointi na pointi, unakwenda kusevu, na lazima uishinde pointi ya mwisho mwenyewe.

#12 Mdau, Muscat

Mleta uzi, nimesoma mwanzo hadi hapa, barikiwa. Huyo Mboko wa fainali ile ndiye yule yule wa siku hizi?

#13 Mleta uzi

Ndiye. Siku ile alikuwa na miaka 15. Wazazi wake ni wa Kongo, DRC, yeye alizaliwa Marekani na kukulia Kanada. Agosti 2025 alichukua ubingwa wa wakubwa wa Kanada pale Montreal akimshinda Naomi Osaka 2-6, 6-4, 6-1. Angella naye hakuishia kwenye taji la vijana. Machi 2024, Michezo ya Afrika kule Accra, alileta Nairobi dhahabu ya wanawake mmoja mmoja. Kwa hiyo mkitazama tena picha za fainali ile ya 2022 mjue mlikuwa mnaangalia watu wa aina gani.

Na hayo matokeo ya Montreal, dada wa Nakuru, jaribu kuyasoma wewe.

#14 Mdau, Nakuru

Amepoteza seti ya kwanza vibaya, geimu mbili tu. Ya pili 6-4, pengine breki moja imemtosha. Ya tatu amemvunja mwenzake sevu mara nyingi, maana Osaka amebaki na geimu moja. Niko sawa?

#15 Mleta uzi

Uko sawa kabisa! Neno "pengine" umelitumia mahali pake. Kwenye 6-4 breki moja mara nyingi inatosha, ila inawezekana pia kila mmoja alivunjwa na mshindi akamzidi mwenzake kwa moja.

#16 Mdau, Mwanza

Wakuu, mimi nina vijana wawili, miaka saba na tisa, wameanza kunisumbua wanataka raketi. Kiwanja kipo shuleni, sementi, wavu umechoka. Nianzie wapi?

#17 Mleta uzi

Hongera kaka, umri mzuri huo. Usiwape mpira wa njano wa kawaida. Ule una gramu 56 hadi 59 na unadunda juu ya kichwa cha mtoto, ataukimbia. Ipo mipira ya watoto: mwekundu ni laini na mwendo wake umepungua kwa asilimia 75, wa rangi ya chungwa asilimia 50, wa kijani asilimia 25. Wa miaka saba mpe mwekundu, kwenye kiwanja cha mita 11 tu, unaweza kukichora kwa chaki ukikata kiwanja kikubwa kwa upana. Wa miaka tisa mpe wa chungwa. Kwa mpira mwekundu hata kamba iliyofungwa kwenye viti viwili inafaa.

Raketi ya mtu mzima usiwape, inawazidi uzito na wataishika kwa kifundo. Wa miaka saba, raketi akiisimamisha chini pembeni mwa mguu wake, ukingo wa mpini umfikie kiganja bila kuinama.

Ule wavu wa shule uupime kabla wewe mwenyewe hujaanza kucheza, na futi si lazima. Chukua raketi mbili za watu wazima. Moja isimamishe wima katikati ya kiwanja, ukingo wa mpini chini. Ya pili iweke juu yake, kichwa chake kikiwa kimelala kwa upana. Urefu wa raketi moja na upana wa kichwa cha nyingine unakupa karibu sentimita 91. Ukingo wa juu wa wavu uwe hapo. Wa kwetu wiki iliyopita ulikuwa umenyanyuka katikati, mkanda mweupe unaouvuta chini umekatika kwa kutu ya kishikizo chake. Watoto walikuwa wanagonga wavu mfululizo na wanajilaumu. Kishikizo kipya nimeshakipata, Jumamosi naenda nusu saa kabla yao.